Siku nne kanisani Kyela: nani alikuwa analinda watoto?

Ukitoka Mbeya asubuhi kwa Costa, baridi ya Uyole hukusindikiza mpaka Tukuyu. Vioo vimefungwa, watoto wamejikunyata ndani ya masweta, nje ni chai na migomba mpaka macho yanachoka. Baada ya hapo barabara inaanza kushuka. Masikio yanaziba, sweta la kwanza linavuliwa, la pili linafuata, na mnapofika kwenye tambarare ya Kyela kila abiria anajipepea kwa alichonacho. Tukuyu iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Umeshuka kilomita nzima kwenda chini, na bado hata chai ya asubuhi haijatulia tumboni.

Kwa mgeni mteremko huu ni raha. Kwa mkazi wa chini, ndiyo njia ambayo maji humfikia. Mvua inayopiga Mlima Rungwe na milima ya jirani haina pa kwenda isipokuwa huku. Songwe inayotugawa na Malawi, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, yote inamwaga kwenye kipande hiki kimoja cha ufukwe wa kaskazini. Ndiyo maana mchele wa Kyela una sifa yake, na kokoa inastawi, na michikichi pia. Na ndiyo maana kati ya Machi na Mei watu hulala wakisikilizia. Juu wanaweza kunyeshewa mchana, maji yakaja kugonga mlango wako usiku, na wewe ukitazama angani unaona nyota.

Mimi kwetu ni Singida, ambako mvua huombewa. Nimeolewa Kyela, ambako kuna miezi watu huomba ipungue.

Ninachotaka kukuandikia leo, mzazi mwenzangu, kilitokea likizo ya Pasaka miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja kati ya Ipinda na ziwa. Nilikwenda kwa mama mkwe na watoto wangu wawili, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka sita, pamoja na mtoto wa shemeji yangu, kijana wa miaka 12. Baba yao alibaki Mbeya kazini. Usiku wa pili tulisikia ng'ombe kabla ya kusikia maji. Tulipofungua mlango, ua ulikuwa haupo. Mama mkwe, ambaye ameyaona haya tangu utoto, hakupiga hata kelele. Alibeba gunia la mbegu, akanionyesha kwa kidevu upande wa kanisa, maana kanisa limejengwa kwenye kanundu kidogo cha ardhi. Tukaenda.

Kufika alfajiri tulikuwa watu zaidi ya mia mbili pale kanisani. Kanisa lenyewe, darasa la shule ya Jumapili, ofisi, stoo, na mti mkubwa wa mwembe. Hapo ndipo tulipoishi siku nne.

Niseme mapema kwamba watu wa kanisa lile walitupokea vizuri, na wengi wao nyumba zao pia zilikuwa ndani ya maji. Siandiki kuwasema vibaya, na jina la kanisa silitaji.

Jambo la kwanza lililoleta mjadala halikuwa chakula. Lilikuwa kulala. Wanyakyusa wana mwiko wa zamani sana kuhusu baba mkwe na mkaza mwana wake. Hawakutani uso kwa uso, na jina la baba mkwe hulitaji. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilifundishwa kupisha njia, kuingia kichakani ikibidi, nikimwona mzee anakuja. Mjini watu wamelegeza. Lakini fikiria kanisa moja, usiku, lenye wakaza wana kumi na tano na baba wakwe zao. Kina mama wazee walikataa katakata. Wazee wakakubali haraka kuliko nilivyotegemea: wanawake na watoto wadogo kanisani, wanaume na vijana wa kiume darasani.

Nikiwa nimechoka na nimelowa, niliona ni mambo ya kale yanatupotezea muda. Nilikosea. Bila mtu yeyote kupanga, mwiko ule ulikuwa umetupa wanawake na wasichana ukuta wetu wenyewe. Ila ulikuwa na upande wa pili ambao sikuuona siku hiyo. Mtoto wa shemeji yangu, kwa miaka yake 12, alihesabiwa mwanamume. Akaenda darasani kulala na watu wazima ambao nusu yao hakuwajua. Nitarudi kwake.

Sasa walinzi. Jioni ya kwanza mzee wa kanisa alitangaza kwamba vijana wamejitolea kulinda usiku. Walikuwa saba: wanakwaya wanne, waendesha bodaboda wawili wenye vile vizibao vya kung'aa, na mzee mmoja aliyewahi kuwa mgambo, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na firimbi. Tuliwapigia makofi. Kisha wote saba wakaenda kukaa mbele ya mlango wa stoo.

Siwalaumu. Mle ndani mlikuwa na magunia ya mchele na maharage, katoni za sabuni, na blanketi zilizokusanywa kutoka sharika za jirani. Vilikuwa vitu vya watu mia mbili, na kila mtu pale alikuwa na hadithi ya msaada uliowahi kuyeyuka. Ukimwambia Mtanzania yeyote "linda", atatafuta kwanza ilipo kufuli.

Saa nane usiku binti yangu alinigusa bega. "Mama, nataka kwenda chooni."

Vyoo vilikuwa viwili, vya shimo, nyuma ya migomba, hatua kama sitini kutoka mlango wa nyuma wa kanisa. Njia ilikuwa tope na giza. Simu yangu ilikuwa imezima. Nilipita kwa walinzi nikawaomba mmoja atusindikize na tochi. Kijana wa kwaya akasimama, akamtazama mzee wa firimbi, akakaa tena. "Samahani mama, tumeambiwa tusibanduke hapa." Aliniazima tochi yake. Alisema kwa upole, na sikumkasirikia.

Kwenye migomba palikuwa na mwanamume amesimama. Hakusema kitu, wala sisi hatukusema. Inawezekana kabisa alikuja kwa shida ileile iliyotuleta. Binti yangu alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Tulipotoka chooni hakuwepo tena.

Kesho yake, tangu saa tisa alasiri, mtoto alikataa kunywa maji. Joto la Kyela unalijua, au kama hulijui basi jua kwamba shati hulowa umekaa. Nilimlazimisha, akasema hana kiu. Niliwatazama wasichana wengine wa rika lake, nikaanza kuhesabu waliokuwa wanasukuma kikombe pembeni. Walikuwa watano.

Baadaye, nikiwa nimerudi Mbeya, nilikuja kujua kwamba jambo hili lina viwango vilivyoandikwa. Mashirika ya misaada ya kimataifa yana kitabu kinachoitwa Sphere, kazi yake ilianza mwaka 1997, na ndani yake wamesema hata idadi ya vyoo. Siku za mwanzo za maafa, choo kimoja kwa watu wasiozidi 50, kisha haraka iwezekanavyo kimoja kwa watu 20, na vya wanawake viwe mara tatu ya vya wanaume. Mlango ufungwe kwa ndani na njia iwe na mwanga. Sisi tulikuwa watu mia mbili na vyoo viwili visivyo na komeo. Hatukuwa na uwezo wa kuchimba vingine katikati ya maji. Lakini tulikuwa na walinzi saba na tochi tatu, na zote zilikuwa zinamulika kufuli la stoo.

Asubuhi ya siku ya pili ndiyo nisiyoisahau.

Nilikuwa nimekwenda foleni ya maji ya kunywa. Watoto nimewaacha na bibi yao, ambaye naye alikuwa anapika na wenzake. Ikaja pikapu iliyoweza kupita upande wa juu, ambako barabara ilikuwa bado inaonekana. Ndani yake walikuwa watu wawili waliovaa vizibao vya kujitolea, wenye moyo mzuri, kutoka eneo jingine lililokuwa kavu zaidi na lenye uji wa maziwa. Wakauliza nani anataka watoto wadogo wapelekwe kule wakale, wakapumzike. Sauti fulani zikaitikia, watoto wakapakiwa. Wakaondoka.

Nilirudi na ndoo kichwani. Mdogo hayupo.

"Amepanda gari na wenzake," binti yangu akasema.

"Gari la nani?"

Hakuna aliyejua. Si bibi yake, si mzee wa kanisa, si wale walinzi saba, ambao walikuwa wamelala kwa zamu baada ya kukesha kwenye stoo. Lango lilikuwa wazi kwa sababu mchana hapakuwa na ulinzi. Mmoja alisema wamekwenda Ipinda. Mwingine akasema Kyela mjini. Mama mmoja mwenye pacha alikaa chini kwenye tope palepale.

Wakati ule nilikuwa na ramani moja tu kichwani. Kasumulu, mpaka na Malawi, haiko mbali na Kyela mjini. Nilijiambia nisifikirie hivyo, nikafikiria hivyo saa nne mfululizo. Mmoja wa wale vijana wa bodaboda, aliyekuwa ameamshwa na kelele, alivaa viatu bila soksi, akapakia mimi na mama wa pacha, na akatupeleka kwa njia ambazo hata sasa siwezi kukuelekeza, mahali pengine tukisukuma pikipiki ndani ya maji ya magoti. Kituo cha kwanza hawakuwepo. Cha pili tuliwakuta, watoto saba, wamekaa kwenye mkeka wanakula ubwabwa. Wangu alikuwa amevaa fulana ya mtu mwingine. Akanipungia mkono wenye punje za wali.

Wale waliowachukua walishangaa sana kuona tunalia. "Mama, si tuliuliza jamani?" Kweli waliuliza. Waliuliza umati.

Kuna kisa cha Haiti ambacho wengi tulikisikia redioni bila kukitilia maanani. Baada ya tetemeko la Januari 2010, kundi la Wamarekani kumi wa makanisa ya Kibaptisti walikamatwa wakijaribu kuvusha mpaka watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila karatasi za ruhusa. Walisema ni yatima, wanawapeleka mahali salama. Ilipofuatiliwa, wengi wa watoto wale walikuwa na wazazi hai. Sidhani kama watu wale waliamka asubuhi wakiwa na nia ya kuiba watoto. Nadhani waliamini kizibao na sala vinatosha. Nimekikumbuka kisa hicho mara nyingi kwa sababu ya pikapu ile.

Tuliporudi kanisani, aliyesimama alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa miaka kama sitini na tano, ambaye mpaka hapo nilimjua tu kama yule anayesinzia karibu na madhabahu. Hakutoa hotuba. Aliomba kaunta-buku kutoka ofisini, akaomba meza, akaiweka langoni. Kisha akaita walinzi wote saba, na akawaambia wazee mbele yetu sote: "Mchele ukiibiwa tutalala njaa siku moja. Hawa wakiibiwa?" Akaanza kuandika.

Kila mtoto aliandikwa jina lake, jina analoitwa nyumbani, jina la mama au anayemlea, kitongoji, namba ya simu, na majina ya watu wawili tu wanaoruhusiwa kumchukua. Usidhani ilikuwa kazi ndogo. Kulikuwa na watoto watatu ambao hakuna aliyeweza kusema kwa hakika wamekuja na nani, na mmoja alijulikana kwa jina la utani tu. Mwalimu alichana kitenge chake cha njano vipande vyembamba. Kimoja mkononi kwa mtoto, kimoja mkononi kwa mzazi, namba ileile imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mtoto haondoki langoni mpaka vitambaa viwili vikutane.

Ulinzi ukabadilika jioni hiyohiyo. Wawili wakabaki stoo. Wawili langoni, usiku na mchana. Wengine njia ya vyoo, na hapo mwalimu akaweka sharti kwamba kila zamu ya vyoo iwe na mwanamke. Vijana wakaguna. "Tutapata wapi wanawake wa kukesha?" Wakajitokeza sita, mmoja wao muuza usipa mwenye sauti ambayo ingetosha kuchukua nafasi ya firimbi. Mwalimu akasema pia kwamba hakuna mlinzi anayemsindikiza mtoto akiwa peke yake. Mmoja wa vijana akauliza, kwa uchungu kidogo, kama wao ndio wanaoshukiwa.

"Mwanangu," akamjibu, "nikikushuku nitakufukuza. Hii ni ili asitokee mtu wa kukushuku."

Alikuwa na sababu kuliko alivyojua, au labda alijua. Mwaka 2002 shirika la kuhudumia wakimbizi la Umoja wa Mataifa pamoja na Save the Children walitoa ripoti juu ya kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone. Kilichoumiza watu ni kwamba baadhi ya waliotajwa kuwadai wasichana miili yao walikuwa haohao wanaogawa chakula na wanaolinda. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukatoa kanuni kali kwa watumishi wake wote. Kizibao cha kujitolea, kiwe cha kanisa, cha msikiti au cha shirika, kinafungua milango mingi, na mtu mbaya anaijua thamani yake mapema kuliko sisi.

Nilisema nitarudi kwa yule kijana wa miaka 12. Mwalimu alipokuwa anaandika majina alimwuliza amelalaje. "Vizuri." Amelala wapi? Karibu na mlango. Kwa nini ana viatu miguuni asubuhi yote hii na miguu imevimba? Akatazama chini. "Basi tu."

Mimi ningepita na hiyo "basi tu". Mwalimu aliweka kalamu chini.

Hakulazimisha zaidi, na mimi mpaka leo sijui kama kulikuwa na jambo au ni hofu ya giza. Usiku huo wavulana wote wa chini ya miaka 15 walihamishiwa ofisini, na wazee wawili wenye wajukuu mle ndani wakalala nao, mlango ukiachwa wazi na mlinzi akipita. Kwa mila za Wanyakyusa wa zamani, mvulana wa miaka kumi au kumi na moja alikuwa anaondoka nyumba ya baba na kwenda kujenga kibanda na wa rika lake pembezoni mwa kijiji. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na mumewe Godfrey huku miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo vya rika mwaka 1951. Lakini hata wakati ule walilala na rika lao, waliojuana tangu kuchunga ndama, na walikwenda kula kwa mama zao. Hawakutupwa katikati ya wanaume wageni. Tunaposema "wasichana walindwe" tunasema kweli, na mara nyingi tunaishia hapo.

Siku ya tatu ilipita kwa malaria na nguo zisizokauka. Usiku walinzi wa stoo walimkamata kijana na kilo mbili za maharage, na kwa dakika chache nilisikia sauti ambazo sipendi kuzikumbuka. Mzee wa firimbi ndiye aliyewazuia. Alimkalisha kijana yule chini, akamtuma mtu kumwita mtendaji wa kijiji, na akasimama katikati mpaka mtendaji alipofika. Sisi si polisi, aliwaambia wenzake, tunakamata na kukabidhi. Maharage yalirudi stoo bila mtu kuvunjika mfupa.

Jioni ya siku ya nne maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma. Watu wengi walikwenda kutazama mashamba. Langoni akafika mwanamume aliyevaa vizuri, shati limepigwa pasi, mtu wa usharika uleule, aliyekuwa ametoa mchango wa blanketi siku mbili kabla. Alikuja kumchukua binti wa miaka 13. Ni mjomba wake, akasema, anampeleka mjini apate mahali pa kukaa, na kwa vile shule zimefungwa atamsaidia mke wake kazi ndogondogo. Binti mwenyewe alikuwa tayari ana mfuko wake mkononi. Alipoulizwa kama anamjua, aliitikia ndiyo.

Aliyekuwa zamu langoni ni yuleyule kijana wa bodaboda aliyeniendesha. Miaka 19, au 20. Alifungua kaunta-buku, akapitisha kidole.

"Samahani baba. Jina lako halimo."

"Halimo vipi? Mimi unanijua."

"Nakujua baba. Shikamoo. Lakini halimo."

Mzee mmoja wa kanisa akaja mbio, akiona aibu. Akamwambia kijana aache utoto, huyu ni mtu wetu, ndiye aliyeleta zile blanketi. Watu wakaanza kusogea. Nilikuwa nimekaa hatua chache, na nikwambie ukweli, kama ningekuwa mimi kwenye kile kiti ningemfungulia. Mkubwa wako anakutazama, mtu ana shati safi, mtoto amekubali, na wewe ni kijana wa pikipiki. Kijana alikuwa anatoka jasho. Hakubishana. Alisema tu, "Basi tumsubiri mama yake, baba. Karibu kiti," akainuka na kumpa kiti chake.

Walisubiri karibu saa nzima. Yule bwana hakukaa.

Mama wa binti alifika na matope mpaka mapajani. Alimtazama mwanamume, akamtazama mwanawe na ule mfuko. "Ni kaka yangu kweli," akasema. "Lakini sikumwita." Akamshika binti mkono, wakaingia ndani. Yule bwana akaondoka bila kuaga, na mzee wa kanisa akabaki anatazama viatu vyake.

Usiniulize nia yake ilikuwa nini. Sijui, na siwezi kumhukumu mtu kwa kutopenda kusubiri.

Mwezi uliopita tulirudi Kyela. Jumamosi niliwapeleka watoto Matema, maana siku hizi kuna lami ya kutoka Kikusya kupita Ipinda mpaka huko. Kama hujafika, panga. Milima ya Livingstone inaingia ziwani wima kama ukuta, maji ni safi, na mwendo mfupi kutoka ufukweni, Lyulilo, kuna soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vyungu vyepesi, vyekundu vyenye nakshi nyeupe. Nilinunua viwili. Mdogo, ambaye sasa anajiona mkubwa, alivibeba kifuani njia nzima na hakuvunja hata kimoja.

Jioni nikapita kwa mwalimu. Shikamoo, marahaba, "ndaga fijo" kwa vile vitumbua nilivyomletea. Nilimwuliza kama kaunta-buku bado lipo. Akanipeleka ofisini, akafungua kabati, akalitoa chini ya daftari la mahudhurio la shule ya Jumapili. Kurasa za mbele zimevimba kwa unyevu ule wa Pasaka. Za nyuma zina orodha mpya: walinzi kumi na wanne, sita wanawake, kila mmoja na jina la mtu aliyemdhamini, na sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa ziwepo mpaka ngazi ya kijiji, na mwalimu amehakikisha kamati ya kijiji chao inajua orodha hiyo ipo. Ndani ya jalada ameandika kwa herufi kubwa namba mbili, 112 ya polisi na 116 ya watoto, ambayo ni bure kupiga. Chini yake kuna namba ya afisa ustawi wa jamii. Vyoo vimekuwa vinne, viwili vina komeo. Taa ya sola ya njiani ilikuwepo, akasema, ikaibiwa. Akacheka sana.

Nilimwuliza juu ya yule kijana wa bodaboda. Yuko Tunduma, anafanya biashara. "Lakini mvua zikianza hupiga simu kuuliza nani yuko langoni."

Nje kulikuwa kunaanza kutanda upande wa Rungwe. Mwalimu akavaa miwani, akapekua mpaka ukurasa wetu, akaweka kidole kwenye mstari wa mwanangu.

"Mama, namba yako hii ya mwisho tisa moja, bado inapatikana?"

Nikamwambia ile laini niliipoteza. Akatoa kalamu, akaikata kwa mstari mmoja, na akasubiri niitaje mpya.